Mwenye gari na aujue ufunguo wake

Tangu karne ya 19 mji wa Unguja umesifika kwa milango yake. Milango ya Mji Mkongwe, yenye nakshi, misumari ya shaba na mfaa wa katikati, ilifungwa kwa komeo, mnyororo na kufuli, na siri yake haikuwa siri kwa mtu yeyote: mwenye ufunguo huingia, asiye nao hubisha hodi. Ufunguo ulipopotea, fundi wa kufuli alichukua tupa yake akachonga mwingine, na mlango ukafunguka. Elimu ya kufunga na kufungua ilikuwa mali ya mji wenyewe.

Leo, pembezoni mwa mji huo huo, Darajani, Malindi, Vuga na Mnazi Mmoja, yameegeshwa magari ambayo ufunguo wake hauingizwi katika tundu lolote. Dereva hugusa kitasa, mlango ukafunguka. Hukaa, akakanyaga breki, akabonyeza kitufe, injini ikaitika. Ufunguo wenyewe umo mfukoni tu, haukutolewa wala kuonekana. Mengi ya magari hayo ni mitumba kutoka Japani, nchi ambayo, kama ilivyo Tanzania, magari hupita upande wa kushoto wa barabara. Magari yamekuja, elimu yake haikupakiwa melini pamoja nayo. Kitabu cha maelezo, kama kipo, kimeandikwa kwa Kijapani. Redio ya gari hukamata masafa ya Japani, yanayoanzia megahezi 76. Na ufunguo hukabidhiwa mnunuzi bila ya neno lolote, kana kwamba ni kipande cha plastiki.

Hapo ndipo penye jambo. Chombo ambacho mwenye nacho hakijui humfanya awe chini ya yule anayekijua. Na huyo anayekijua aweza kuwa fundi mwaminifu, aweza kuwa mlanguzi, na aweza kuwa mwizi.

GARI HUULIZA, UFUNGUO HUJIBU

Mfumo huu hauna uchawi ndani yake. Ni mazungumzo ya redio baina ya vitu viwili, na taratibu zake hazipishani sana na zile za kubisha hodi. Ndani ya ufunguo mna betri ndogo ya duara ya volti tatu, kipokezi cha mawimbi, kirusha mawimbi, na kompyuta ndogo mno iliyohifadhi siri ambayo gari nalo linayo. Ndani ya gari mna antena kadhaa: nyingine milangoni, nyingine katika chumba cha abiria, nyingine kwenye buti.

Mtu agusapo kitasa, gari huuliza: nani wewe? Suali hilo hutolewa kwa mawimbi ya masafa ya chini, takriban kilohezi 125 au 134, yaliyopunguzwa nguvu makusudi yasifike mbali zaidi ya mita moja au mbili. Ufunguo ulio karibu huamka, hulisikia suali, na hulijibu kwa masafa ya juu zaidi, baina ya megahezi 312 na 315 katika magari ya soko la Japani, na karibu na megahezi 433 katika mengi ya Ulaya. Suali hilo halifanani siku zote. Kila mara gari hutunga tarakimu mpya, na ufunguo huzikoroga kwa kanuni ya siri kabla ya kuzirudisha. Gari nalo hufanya hesabu hiyo hiyo upande wake, kisha hulinganisha. Majibu yakilingana, komeo huachia. Kwa hiyo mtu aliyenasa jibu la jana hana faida nalo leo.

Mlango ukishafunguka mazungumzo hurudiwa. Dereva abonyezapo kitufe huku amekanyaga breki, antena za ndani huhakikisha kwamba ufunguo umo garini na haukubaki nje. Jibu likiwa sahihi, kompyuta huruhusu mafuta na moto wa plagi, na stata huzunguka. Likiwa si sahihi, injini haitawaka hata mtu akiunganisha nyaya chini ya dashibodi kama ilivyokuwa ikifanyika kwa magari ya zamani.

Waliobuni mfumo huu walijua kwamba betri hufa. Kwa sababu hiyo waliweka akiba mbili ndani ya ufunguo. Ya kwanza ni ufunguo mdogo wa chuma, unaochomolewa kutoka tumboni mwa ule wa plastiki, kwa ajili ya mlango wa dereva. Ya pili ni chembe ya kielektroniki isiyohitaji betri. Katika magari mengi ya Toyota, ufunguo ukigusishwa na kitufe cha kuwashia huku breki imekanyagwa, chembe hiyo hupokea umeme kutoka kwa gari lenyewe kwa njia ya sumaku, ikajibu kama kawaida, na injini ikawaka. Katika magari mengine pametengwa mahali maalumu pa kuuweka ufunguo huo. Dereva asiyelijua jambo hili huweza kukodi gari la kuvuta kutoka Paje hadi mjini kwa sababu ya betri yenye ukubwa wa sarafu. Anayelijua hugusisha ufunguo, akaondoka, na betri akainunua njiani.

MAENDELEO YA KWELI

Wapo wazee wanaosema ni heri ufunguo wa chuma. Maneno yao yana uzito, lakini si haki kuulaani mfumo huu kwa jumla. Ufunguo wa chuma ulikuwa rahisi kuchonga kwa mwenye gari, na ulikuwa rahisi vile vile kwa mwizi. Mwaka 1982 kampuni ya Renault ya Ufaransa ilitoa gari la Fuego lenye rimoti ya kufungia milango, kazi ya mvumbuzi Paul Lipschutz. Mwaka 1993 gari la Corvette la Marekani lilianza kufungua milango yake kwa kumkaribia tu, na mwaka 1998 Mercedes-Benz ya Ujerumani ikaleta gari linalofunguka na kuwaka bila ya ufunguo kutolewa mfukoni. Katika mwaka huo huo wa 1998 nchi za Umoja wa Ulaya zililazimisha kila gari jipya la abiria kuwa na kifaa cha kuzuia injini isiwake bila ya ufunguo wake halisi. Wizi wa kuunganisha nyaya ukapata pigo kubwa.

Basi kosa si la chombo. Kosa ni kukipokea chombo kwa mshangao na kuishia hapo. Unguja inalo jengo maarufu la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 zama za Sultani Barghash, ambalo hutajwa kuwa la kwanza Zanzibar kuingiziwa umeme na kuwekwa lifti. Watu waliliita Nyumba ya Maajabu, na jina hilo lilifaa kwa zama zake. Lakini maajabu si elimu. Mtu anayestaajabu hubaki mteja. Anayejua ndiye anayetengeneza.

UKARIBU WA KUDHANIWA

Kiswahili kina neno moja, karibu, kwa mgeni anayealikwa na kwa kitu kilicho jirani. Mfumo huu wa magari umejengwa juu ya dhana hiyo hiyo: kinachoisikia sauti dhaifu ya gari kiko karibu, na kilicho karibu kimekaribishwa. Dhana hiyo ndiyo mlango wa nyuma walioingilia wezi.

Mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha ETH cha Zurich, Uswisi, walichapisha majaribio yao juu ya magari ya aina 10 kutoka kwa watengenezaji 8. Magari yote 10 yalidanganyika. Hila yenyewe ni ya watu wawili. Mmoja husimama kando ya gari na chombo cha kunasa suali lake. Wa pili husimama karibu na nyumba na chombo cha kulifikisha suali hilo kwenye ufunguo uliolala mezani. Ufunguo hudhani gari limefika, hujibu, na jibu likarudishwa. Siri haikuvunjwa wala tarakimu hazikubahatishwa. Ni sawa na mtu abishaye hodi katika nyumba ya Kiponda, akaitikiwa na mwenye nyumba aliyekaa Bububu, na mlango ukafunguka.

Jambo hili lina sura yake hapa Unguja. Katika vichochoro vya Kiponda, Hurumzi na Sokomuhogo gari halipiti. Mwenye gari huliacha ukingoni mwa mji, akatembea hadi nyumbani kwake, na ufunguo ukalala mbali, nyuma ya kuta nene za mawe. Mwizi hajui hata gari lililoko Malindi ni la nyumba ipi. Msongamano ambao wengi huulalamikia ndio ngao yao. Lakini kwenye majumba ya Michenzani, ambako magari hulala chini ya madirisha, na katika nyumba mpya za Mbweni, Chukwani na Fuoni, ambako gari huegeshwa uani na ufunguo hutundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, umbali baina ya gari na ufunguo ni hatua chache. Hapo mazoea ya kutundika ufunguo mlangoni, yaliyokuwa hayana madhara zama za ufunguo wa chuma, sasa yana madhara.

Kinga yake si ghali. Ufunguo uwekwe ndani kabisa ya nyumba, mbali na mlango na dirisha. Ukiwekwa katika mkebe wa bati wenye kifuniko kinachokaza, mawimbi huzuiliwa. Na mwenye gari aweza kujaribu mwenyewe kwa kusimama kando ya gari na mkebe mkononi na kugusa kitasa. Gari likifunguka, mkebe huo haufai. Baadhi ya funguo za Toyota zaweza kulazwa kwa kushikilia kitufe cha kufunga na kubonyeza mara mbili kile cha kufungua, na taa ndogo ya ufunguo humeta kuthibitisha. Magari mapya zaidi yameanza kupima muda ambao jibu hutumia njiani badala ya kutegemea udhaifu wa sauti. Wimbi la redio huenda sentimita 30 katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, na jibu lililozungushwa huchelewa, likakataliwa. Lakini mitumba iliyoko barabarani leo mingi ni ya kabla ya maendeleo hayo.

Iko hila nyingine isiyohitaji utaalamu mkubwa, nayo yawahusu hata wakaao vichochoroni. Mtu huharibu mawasiliano kwa kelele za redio wakati dereva anapobonyeza kitufe cha kufunga huku akiondoka. Gari halikusikia, milango imebaki wazi, na dereva amekwisha ingia sokoni Darajani. Dawa ni subira ya sekunde mbili: kutazama taa zimete na kusikiliza komeo ligonge kabla ya kugeuza mgongo.

Zaidi ya wizi, yapo makosa ya kutojua. Gari likishawaka halizimiki kwa sababu ufunguo umeondoka, kwani kuzima injini katikati ya safari kungekuwa hatari kubwa zaidi. Hulia tu na kuonya. Dereva aweza kumpeleka ndugu yake bandarini Malindi, ndugu akapanda boti ya Dar es Salaam na ufunguo mfukoni, na gari likaendelea hadi Fumba bila ya tatizo. Likizimwa huko, ndipo msiba utakapoonekana. Vivyo hivyo dereva anayechukua wageni Nungwi na akaingia baharini na ufunguo katika suruali yake. Maji ya chumvi hayana huruma kwa saketi za umeme.

KISIWA NA WAYA MMOJA

Wananchi wa Unguja hawahitaji kufundishwa na mgeni hatari ya kutegemea kitu kimoja. Kwa miaka mingi kisiwa kilipata umeme kwa waya mmoja uliopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara hadi Fumba. Mwaka 2008 umeme ulikatika kwa takriban mwezi mmoja. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 ukakatika tena, safari hii kwa miezi mitatu. Biashara zilizorota, pampu za maji zikasimama, na jenereta zikanguruma katika kila mtaa. Waya mpya mkubwa zaidi ulizinduliwa mwaka 2013. Somo la giza lile lilikuwa wazi: chenye njia moja tu, njia hiyo ikikatika, hakina njia.

Gari la mtumba lenye ufunguo mmoja ni kisiwa chenye waya mmoja. Na si ajabu hata kidogo gari la mtumba kufika na ufunguo mmoja. Mnunuzi huchungulia rangi, hupiga teke tairi, huuliza kilomita, lakini haulizi ufunguo wa pili uko wapi. Ungali ufunguo mmoja upo na unafanya kazi, kuongeza wa pili ni kazi nyepesi: fundi huunganisha kompyuta yake na gari, ufunguo wa zamani hulitambulisha gari kwa mpya, na shughuli imekwisha. Lakini wa mwisho ukipotea, gari halina tena shahidi wa kumtambua mgeni. Hapo fundi hulazimika kufuta kumbukumbu ya kifaa kinachozuia injini au kukibadilisha, kazi ya ujuzi zaidi, vifaa zaidi na fedha zaidi. Kwa mwenye gari la kutembelea hiyo ni hasara. Kwa dereva wa teksi anayelipa mkopo na kulisha watoto kwa gari hilo, kila siku gari linaposimama ni siku ya njaa.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hii si ya ugomvi na ndugu. Maana yake ni kwamba ndugu aweza kuwa mbali siku ya shida.

MAFUNDI WAPEWE ELIMU

Mafundi wa Unguja si watu wa kudharauliwa. Ni wao waliowezesha malori ya Bedford yenye mabodi ya mbao kubeba abiria wa mashamba kwa miongo mingi, kwa vipuri walivyovichonga wenyewe. Fundi wa aina hiyo hakosi akili ya kuuelewa ufunguo wa redio. Anachokosa ni nafasi ya kufundishwa na vifaa vya kufanyia kazi. Yako mambo mengi ambayo kijana wa gereji ya Mwanakwerekwe amejifunza kwa kubahatisha katika magari ya wateja, na kila alipokosea, mteja ndiye aliyelipa.

Vyombo vya kuliondoa tatizo hili vipo. Upo Mamlaka ya Mafunzo ya Amali yenye vituo vyake Mwanakwerekwe na Mkokotoni. Ipo Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia pale Mbweni. Tangu mwaka 2023 lipo pia tawi la chuo cha IIT Madras cha India, pale Bweleo. Haitoshi vijana wafundishwe kabureta na plagi peke yake, ilhali magari yanayoteremshwa bandarini yamejaa kompyuta. Umeme wa magari, mawasiliano ya redio na kanuni za siri za tarakimu havina budi kuwa masomo ya kawaida ya fundi, kama ilivyokuwa spana na tupa. Na masomo hayo yafundishwe kwa Kiswahili, ili fundi amweleze mteja na mteja aelewe.

Elimu hiyo ina makali pande zote mbili, na halitakuwa jambo la busara kulificha hilo. Anayejua kulitambulisha gari kwa ufunguo mpya aweza kufanya hivyo kwa gari lisilo lake. Ndiyo maana mwaka 2025 Serikali ya Uingereza ilipeleka Bungeni muswada wa kuharamisha kumiliki vifaa vya kielektroniki vya kuibia magari, adhabu ikiwa hadi kifungo cha miaka mitano. Unguja haina sababu ya kungoja mpaka wizi huo uote mizizi. Kila fundi wa funguo hizi anapaswa kuandikishwa, kudai kadi ya gari na kitambulisho cha mwenye gari kabla ya kazi, na kuweka daftari la kazi aliyoifanya. Fundi mwaminifu hatalikataa daftari hilo, kwa sababu ndilo litakalomtenga na mwizi.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Wakaguzi wa magari yanayoingizwa, nao wana sehemu yao. Breki, taa na moshi hukaguliwa kwa haki. Kuhesabu funguo hakuchukui dakika moja, na idadi yake ikiandikwa katika karatasi ya ukaguzi, wauzaji wa mbali watajua kwamba mnunuzi wa Zanzibar anajua anachokinunua. Wafanyabiashara wa magari nao wana wajibu wa kumwonyesha mnunuzi, kabla ya kupokea fedha, mahali ufunguo wa chuma ulipofichwa na namna ya kuwasha gari betri ikifa. Mwenye duka asiyejua hayo mawili na ajifunze kwanza ndipo auze.

Lakini wajibu wa kwanza ni wa mwenye gari mwenyewe. Na adai funguo mbili. Akipewa mmoja, na atengeneze wa pili mwezi huo huo, kabla ya matairi ya fahari na vioo vya giza. Ufunguo wa akiba ukae nyumbani, ndani ya mkebe. Betri ibadilishwe dalili za kwanza zinapoonekana, gari linapoanza kuwa zito kuitika, bila ya kungoja ife kabisa barabarani. Na kila anayeliendesha gari hilo, awe mke, mume, kijana au dereva wa kuajiriwa, afundishwe hayo yote.

Hakuna hata moja kati ya mambo haya linalohitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Gari la Japani limeshavuka bahari na liko barabarani. Kilichobaki ni elimu yake iwe ya Unguja, kama ilivyokuwa elimu ya kufuli na komeo. Mwenye gari asiyeujua ufunguo wake amenunua nusu ya gari tu. Nusu nyingine ingali mikononi mwa wengine.